Tyubu Zikiondoka, Nani Atauchunga Umeme? Safari ya taa za magari-nyumba kuelekea LED

Gari-nyumba lililoundwa Marekani au Kanada katika miaka ya 1980, 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000 aghalabu lina taa za aina moja darini: kisanduku cha bati, kifuniko cha plastiki chenye michirizi, na ndani yake tyubu mbili fupi za fluoreseni zinazowaka kwa betri ya volti 12. Taa hizo sasa zinang'olewa moja baada ya nyingine, na mahali pake panabandikwa mikanda ya LED. Ukiitazama juu juu, ni kazi nyepesi: kata mkanda, bandua karatasi ya gundi, bandika, unga waya mbili, washa. Mwanga unatoka mzuri, betri inadumu, mwenye gari anafurahi. Miezi inapita, kisha malalamiko yanaanza. Vitaa vitatu vimezimika kwa mpigo. Upande mmoja wa mkanda umegeuka wa kibuluu na mwingine umefifia. Gundi imeachia na mkanda unaning'inia juu ya meza ya chakula.

Lawama huangukia LED yenyewe, kwamba ni mbovu au ni ya bei rahisi. Mara nyingine ni kweli. Lakini chanzo kikubwa kiko mahali pengine. Anayeng'oa tyubu anang'oa pamoja nayo choki, na choki ndiyo iliyokuwa ikipokea umeme wa betri unaopanda na kushuka na kuipa tyubu mkondo unaoweza kuuhimili. Mkanda wa kawaida wa LED hauna msimamizi wa namna hiyo. Unakula chochote kinacholetwa na waya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni mkanda upi unaong'aa zaidi, inafaa tuulize nani atakayeshika kazi ya choki. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama taa mpya zitadumu au zitakufa mapema.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa njia zaidi ya moja. Wapo walioko Marekani na Kanada wanaonunua magari-nyumba yaliyotumika, na wapo madereva wa malori ya masafa marefu wanaolala katika chumba kilicho nyuma ya usukani. Huku Afrika Mashariki, magari ya safari yenye hema juu ya paa, mashua, na nyumba zenye sola ndogo hutegemea betri za volti 12 vilevile. Mifano yangu itatoka kwenye gari-nyumba la Amerika Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko tyubu hizi zilikotamalaki, ila kanuni za umeme hazibadiliki kwa kuvuka bahari.

Tyubu iliingiaje garini

Kabla ya tyubu, magari-nyumba yalitumia balbu za nyuzi, zilezile za taa za magari. Balbu iliyozoeleka sana ilikuwa ile inayoitwa 1141, inayokula karibu ampea moja na nusu, yaani kama wati 18, na kutoa lumeni zisizofika 300. Sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto. Kwa mtu aliyepiga kambi msituni bila umeme wa nje, balbu tatu au nne zilitosha kuichosha betri kabla ya usingizi.

General Electric ilikuwa imeanza kuuza taa za fluoreseni mwaka 1938, na kwa umeme wa majumbani zilienea haraka. Kwenye gari zilihitaji kitu cha ziada. Tyubu haiwaki kwa volti 12. Inataka volti nyingi zaidi ili gesi iliyo ndani ianze kupitisha umeme. Tena ikishawaka, ukinzani wake unashuka, na bila kizuizi mkondo ungeendelea kupanda hadi tyubu iharibike. Choki ya kielektroniki ilimaliza matatizo yote mawili: iliugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kwenda na kurudi maelfu ya mara kwa sekunde, ikaupandisha volti, kisha ikaubana mkondo usizidi kiasi.

Matokeo yake yalikuwa hatua kubwa. Tyubu moja ya wati 15, yenye urefu wa sentimita 45 hivi, ilitoa mwanga wa balbu za nyuzi takriban tatu kwa umeme mdogo kuliko wa balbu moja. Tyubu ndogo ya wati 8, ya sentimita 30, ilitosha bafuni na juu ya jiko. Hatupaswi kuidharau taa hii kwa sababu tu imezeeka. Ilifanya kazi yake vizuri kwa wakati wake, na kasoro zake zilijulikana: kwenye baridi kali inawaka kwa shida na mwanga wake unapungua, betri ikishuka sana, ncha za tyubu hugeuka nyeusi na maisha yake hufupika, choki ikichakaa huanza kuvuma na kuingiza kelele kwenye redio.

Kwa nini inaondoka sasa

Sababu ya kwanza ni zebaki. Ndani ya kila tyubu ya fluoreseni kuna miligramu chache za zebaki. Mvuke wake ukipigwa na umeme hutoa mionzi ya urujuanimno, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza mionzi hiyo kuwa mwanga tunaouona. Bila zebaki tyubu haifanyi kazi. Dunia nayo imeazimia kuachana na zebaki katika bidhaa. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, umepewa jina la mji ambao wakazi wake walitiwa sumu na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Katika mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva mwaka 2023, ilikubaliwa kwamba utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu ndefu za fluoreseni vifikie kikomo ifikapo mwaka 2027.

Nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele kudai hatua hiyo. Hoja yao ilikuwa nzito na ya haki: masoko makubwa yakizifunga taa hizi kwa sheria zao, viwanda visigeuze bara letu kuwa mahali pa kumalizia akiba. Umoja wa Ulaya ulisimamisha kuingizwa sokoni kwa tyubu za kawaida za unene wa T5 na T8 mwezi Agosti 2023. Nchini Marekani jimbo la Vermont lilianza kuzuia mauzo ya tyubu za urefu wa kawaida wa ofisini mwaka 2024, na California ikafunga mauzo ya tyubu mpya za fluoreseni kuanzia mwaka 2025.

Ni vizuri kuelewa kile ambacho sheria hizi hazisemi. Zinagusa uuzaji na utengenezaji. Hazimkatazi mtu kuendelea kuwasha taa aliyo nayo. Mwenye gari-nyumba ambaye tyubu zake bado ni nzima hana haja ya kuzing'oa kwa hofu. Ila siku zitakapokufa, mbadala utakuwa wa kutafutwa kwa tochi, na choki ya volti 12 itakuwa adimu zaidi ya tyubu. Hiyo ndiyo sababu ya pili, na kwa wengi ndiyo inayowasukuma kuchukua bisibisi.

Sababu ya tatu ni maendeleo ya LED yenyewe. LED nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulisubiri LED ya buluu yenye nguvu. Hiyo ilipatikana katika miaka ya 1990 kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. LED nyeupe ya kawaida ni ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa manjano, na mchanganyiko wa rangi hizo mbili ndio macho yanauona kuwa mweupe. Tuikumbuke siri hiyo, kwa sababu tutaihitaji tutakapofika kwenye joto.

Hesabu ya betri

Tuchukue taa moja ya tyubu mbili za wati 15. Inakula ampea 2 na ushei. Taa tatu za namna hiyo zikiwaka kwa saa 4 za jioni, kwa ampea 2.2 kila moja, zinatumia zaidi ya ampea-saa 26. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haipendi kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo akiba halisi ni ampea-saa 50. Taa pekee zimekula zaidi ya nusu ya akiba, na bado hujawasha pampu ya maji, feni ya hita wala kuchaji simu.

Sasa weka mkanda wa LED unaokula ampea 0.8 katika kila taa, sawa na wati 10 hivi. Jioni ileile itagharimu ampea-saa 10 kasoro kidogo. Tofauti ya zaidi ya ampea-saa 16 kwa usiku mmoja ni kubwa kwa mtu anayetegemea paneli ndogo ya sola juu ya paa.

Watu huuliza wati 10 zinawezaje kushindana na wati 30. Sehemu ya jibu ni ufanisi: mkanda mzuri wa leo hutoa lumeni karibu 100 kwa kila wati. Sehemu nyingine ni mwelekeo. Tyubu inarusha mwanga pande zote, na nusu yake inaelekea kwenye bati la kisanduku, ambako inarudi imepungua. LED inatazama chini tu. Kwa hiyo lumeni 900 za LED zinaweza kuiangaza meza karibu sawa na tyubu mbili ambazo kwenye karatasi zina lumeni nyingi zaidi. Kifuniko cha plastiki kikiwa kimegeuka manjano kwa uzee, kukibadilisha au kukiosha kutakupa mwanga zaidi kuliko kuongeza safu nyingine ya vitaa.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Kwa mtu ambaye gari lake limeegeshwa kwenye kambi yenye umeme wa nje mwaka mzima, hesabu hii haina uzito. Betri yake haichoki. Yeye atabadilisha kwa sababu tyubu hazipatikani, au choki inavuma, au anataka mwanga wa rangi nyingine. Zote ni sababu halali, ila asiambiwe kwamba ataokoa fedha za kuonekana. Tena, kama tutakavyoona, huyo ndiye ambaye mikanda yake iko hatarini zaidi.

Volti 12 ambazo si 12

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Chukua kipande cha mkanda wa kawaida wa volti 12 ukitazame kwa karibu. Utaona vitaa vitatu vya mraba, kisha alama ya mkasi, kisha vitatu vingine, na kuendelea. Kati ya vitaa hivyo kuna kijipande cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, chenye tarakimu juu yake. Hicho ni resista, na ndicho pekee kinachoubana mkondo. LED tatu zimeungwa kwa mfuatano, kila moja ikichukua volti 3 na kidogo. Jumla yake ni volti 9.3 hivi. Volti 2.7 zinazobaki hadi kufika 12 huachiwa resista, nayo inazigeuza kuwa joto.

Mpangilio huu unafanya kazi vizuri pale tu volti zinapokuwa 12 kweli. Ndani ya gari-nyumba, 12 ni jina la mfumo, si kipimo cha wakati wote. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia ina volti 12.6 hadi 12.8. Umeme wa nje ukiunganishwa, chaja huishikilia kwenye 13.6 hivi. Chaja ikiwa katika kilele, sola ikiwa jua kali, au injini ikiwa inaunguruma, utasoma 14.4. Betri ya lithiamu ya aina ya chuma-fosfeti, ambayo wengi wameihamia, inakaa juu ya 13 karibu muda wake wote.

Fuata kinachotokea. Volti zikipanda kutoka 12 hadi 14.4, LED zenyewe hazichukui sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Karibu yote inaangukia resista. Iliyokuwa na volti 2.7 sasa ina karibu 5. Kwa hiyo volti zimeongezeka kwa asilimia 20 lakini mkondo umepanda kwa zaidi ya asilimia 70, na joto la ile resista linafika mara tatu au zaidi. Hata kwa 13.6, hali ya kila siku ya gari lililochomekwa kambini, mkondo unapanda kwa karibu nusu. Mkanda utang'aa zaidi siku ya kwanza, na mwenye gari atafikiri amepata bahati. Kumbe unateketea.

Upande wa chini nao una adha yake. Betri ikishuka hadi volti 10.5 na kidogo, resista inabaki na volti moja na nusu, mwanga unapungua hadi karibu nusu. Choki ya zamani ilistahimili mabadiliko haya kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana tyubu haikuwa ikiwaka kwa ukali tofauti kila chaja inapobadili hatua. Juu ya hayo, alteneta ya injini hutoa mishtuko ya volti, hasa mzigo mkubwa ukikatika ghafla, na mishtuko hiyo ni mikubwa mno kwa vitaa visivyo na ulinzi.

Suluhisho ziko tatu, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni kidhibiti cha volti kinachoweza kupandisha na kushusha. Kinapokea kuanzia volti 9 au 10 hadi zaidi ya 15, kinatoa 12 bila kutetereka. Kimoja cha ampea chache kinaweza kulisha taa zote za chumba. Tahadhari: vidhibiti vya bei ndogo vinavyoshusha tu huhitaji volti ya kuingia iwe juu ya ile ya kutoka. Ukikipangia kitoe 12 huku betri iko 12.3, kitaporomoka. Anayetumia aina hiyo akipange kitoe 11 hivi. Mwanga utapungua kiasi, lakini mkanda utaishi miaka mingi.

Ya pili ni kununua mikanda au vibao vya LED vyenye kidhibiti cha mkondo ndani yake. Vile vinavyouzwa kwa ajili ya mashua mara nyingi huandikwa volti 10 hadi 30. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini unakuwa umenunua choki mpya pamoja na taa.

Ya tatu ni ya mwenye mkono mfupi: kuongeza resista au kuchagua mkanda wenye nguvu ndogo na kuutandaza kwa urefu zaidi, ili kila kitaa kifanye kazi nyepesi. Haiondoi tatizo, ila inapunguza madhara yake. Mkanda wa vitaa vidogo unaokula wati 4.8 kwa mita huvumilia volti 13.6 vizuri kuliko ule wa wati 14.4 kwa mita, kwa sababu joto lake limetawanyika.

Kwa wenye malori, kuna la kuongeza. Malori ya Marekani hutumia mfumo wa volti 12, ilhali malori makubwa yaliyotoka Ulaya na Japani, yakiwemo mengi ya barabara zetu na yale yanayogeuzwa kuwa magari ya safari, ni ya volti 24. Mkanda wa volti 12 kwenye mfumo huo hufa papo hapo. Pima kwanza, nunua baadaye.

Joto na gundi

LED hupoa kwa mgongo, kupitia ule mkanda ilikobandikwa. Ukibandika juu ya mbao au plastiki, joto halina pa kwenda. Mambo matatu hufuata: gundi inalainika na kuachia, ule unga wa manjano unachoka na mwanga kuelekea kwenye ubuluu, na LED yenyewe inapoteza nguvu taratibu. Mkanda uliofunikwa kwa silikoni ili usiingie maji unahifadhi joto zaidi, na ndani ya gari mahali pakavu hauna faida yoyote.

Habari njema ni kwamba kisanduku cha taa ya zamani ni cha bati, na bati hilo ni kipozeo kizuri. Hii ni hoja kubwa ya kukihifadhi badala ya kukitupa. Lisugue bati kwa spiriti hadi litoke safi, acha likauke, kisha bandika mkanda kwa kuukandamiza. Pale ambapo hakuna bati, kwa mfano chini ya makabati, mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe unapoza taa na kuyalinda macho dhidi ya vile vinukta vikali vya mwanga.

Njia za kuchagua

Mwenye gari ana njia tatu mbele yake. Anaweza kununua tyubu za LED zenye umbo la zile za zamani. Baadhi zinakubali choki iliyopo, na nyingine zinataka choki ikatwe na umeme wa betri upelekwe moja kwa moja. Zile zinazokubali choki ni rahisi kuweka, ila zinamfunga mwenye gari kwenye choki kuukuu ambayo ndiyo kiungo kinachokaribia kufa. Zile zinazokata choki ni chaguo zuri, mradi kipimo cha volti kilichoandikwa juu yake kinafika 15.

Njia ya pili ni mkanda ndani ya kisanduku cha zamani. Ndiyo ya gharama ndogo na ndiyo inayompa fundi uhuru: safu ngapi, rangi gani, swichi zipi. Visanduku vingi vya tyubu mbili vina swichi ya hatua mbili, tyubu moja au zote. Gawanya mkanda katika njia mbili na utaihifadhi hiyo swichi, ambayo usiku ni neema.

Njia ya tatu ni kung'oa kisanduku chote na kuweka taa mpya kamili. Ni nzuri pale ambapo bati limeoza au dari inakarabatiwa. Kasoro yake ni kwamba mashimo ya zamani na alama ya kisanduku hubaki darini, na taa mpya nyembamba mara nyingi haifuniki.

Kwa maoni yangu, gari lenye visanduku vizima linafaa njia ya pili, pamoja na kidhibiti cha volti. Anayeogopa kushika waya achukue tyubu za LED zisizotegemea choki, na amwite fundi umeme akate choki hiyo.

Ndani ya kisanduku

Kazi yenyewe inaanzia kwenye umeme, kabla ya kugusa kifuniko. Gari-nyumba lina vyanzo viwili au vitatu vya volti 12 kwa wakati mmoja. Kuchomoa waya wa umeme wa nje hakutoshi, kwa sababu betri bado ipo. Kukata betri hakutoshi, kwa sababu chaja inaweza kuendelea kulisha waya. Sola nayo haizimwi na swichi ya ukutani. Chomoa fyuzi ya njia hiyo ya taa, kisha pima kwa mita kuhakikisha waya umekufa. Tyubu ikiwa inawaka, choki inatoa volti za kutosha kumpiga mtu, hata kama chanzo chake ni betri.

Ukishafungua, utakuta waya mbili zinazotoka darini, na waya kadhaa zinazotoka kwenye choki kwenda kwenye ncha za tyubu. Zile mbili ndizo unazozihitaji. Hapa kuna mtego kwa fundi wa magari: katika magari-nyumba mengi ya Marekani, waya mweusi ndio chanya na mweupe ndio hasi, wakati aliyezoea magari madogo huchukua mweusi kuwa hasi kila mahali. Usiamini rangi, amini mita. Mkanda uliogeuzwa hautawaka tu, lakini kidhibiti kilichogeuzwa kinaweza kuungua.

Kisha fyuzi. Njia ya taa ya gari-nyumba kwa kawaida inalindwa na fyuzi ya ampea 15, iliyowekwa kulinda waya nene za ukutani. Waya zinazokuja na mkanda ni nyembamba sana. Zikigusana, zinaweza kuyeyuka na kuwasha moto huku fyuzi ya ampea 15 ikiwa imetulia. Weka fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 ndani ya kisanduku, kabla ya mkanda. Ni kitu cha bei ndogo, na katika nyumba ya mbao na plastiki yenye mtungi wa gesi, sikioni cha hiari.

Gari pia linatikisika. Vile vibanio vya plastiki vya kuunganishia mkanda bila kulehemu hulegea baada ya barabara mbovu chache. Lehemu viungo, tumia waya wa nyuzi nyingi, na ufunge waya kwenye bati ili mvuto usifike kwenye kiungo.

Tyubu zilizotolewa zisivunjwe wala kutupwa jalalani. Zifungwe kwenye katoni na kupelekwa panapopokea taka za zebaki. Ikivunjika moja ndani ya gari, toka nje, fungua madirisha na milango kwa dakika 10 hivi, kisha kusanya vipande kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi. Usitumie ufagio wala mashine ya kufyonza vumbi, maana hurusha zebaki hewani.

Rangi na kelele

Mwanga hupimwa rangi kwa kelvini. Kuanzia 2700 hadi 3000 ni wa manjano ya kupumzisha. 4000 ni mweupe wa kazi. Juu ya 6000 ni wa kibuluu, ambao ndani ya chumba kidogo cha mbao huchosha macho na kufanya chakula kionekane kimechacha. Nashauri 3000 sebuleni na kitandani, 4000 jikoni. Angalia pia kipimo cha uaminifu wa rangi: 80 kinatosha, 90 ni bora, hasa pale unapokata nyama au kusafisha jeraha.

Kelele za redio ni suala ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa. Vidhibiti vya volti na vipunguza mwanga vya bei ndogo huwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele hiyo huingia kwenye redio na wakati mwingine kwenye antena ya televisheni. Kabla ya kufunga kila kitu, washa taa moja, sogeza redio karibu, sikiliza. Ikivuma, badilisha kidhibiti kabla hujanunua vingine.

Uamuzi

Kubadilisha tyubu kuwa LED ni hatua njema. Inaokoa betri kwa anayetegemea betri, inaondoa zebaki ndani ya chumba cha kulala, na inamwepusha mwenye gari na vipuri vinavyotoweka sokoni. Lakini faida hizo zote zinapatikana kwa masharti. Asiyetaka kutumia fedha nyingi apunguze idadi ya vitaa, asipunguze kidhibiti wala fyuzi. Anayepanga bajeti aanze na kile kitakachoshika nafasi ya choki, afuate na kipozeo, na mkanda uwe wa mwisho kwenye orodha, kwa kuwa ndio rahisi kubadilishwa.

Wauzaji nao wana deni. Kuandika volti 12 kwenye bidhaa inayouzwa kwa magari, huku ikijulikana kuwa hakuna gari linalokaa kwenye volti 12, ni kumtwisha mnunuzi mzigo wa fizikia asiyoifahamu. Mkanda wa gari uandikwe volti za juu kabisa unazoweza kuhimili kwa saa nyingi. Hadi hapo, mnunuzi aliyeshika mita mkononi, anayepima volti za gari lake likiwa limechomekwa na injini ikiwa inawaka kabla ya kununua chochote, ndiye atakayekuwa na taa zinazowaka baada ya miaka kumi.